Jasho Linaloanzia Shingoni

Mwezi wa saba Songea si mwezi wa mtu kutokwa jasho. Maji ya ndoo yanauma meno, wazee wanavaa makoti mawili mawili, na vijana wa bodaboda pale Mfaranyaki wanajifunga mitandio ya mama zao bila aibu yoyote. Kwa hiyo Kunegunda alipotoka jikoni asubuhi ile akamkuta mumewe barazani, jasho linamchuruzika, anajipepea kwa ungo, alisahau kabisa alichokuwa amekifuata nje.

Ungo! Pankrasi, ambaye katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi hata kuuokota ungo ulioanguka njiani, alikuwa ameushika kwa mikono miwili na kuupunga kama amezaliwa nao. Na koti lake zito la kijivu alikuwa amelifunga vifungo vyote mpaka kooni.

"Kuna nini, Baba Oliva?"

"Joto tu."

"Joto gani mwezi huu? Basi vua koti."

"Koti liache." Akauweka ungo chini haraka, kama mtu aliyefumaniwa.

Kunegunda alikuwa anamtazama shingo. Jasho lilikuwa limeanzia hapo, likapanda mashavuni, likafika kwenye paji la uso, uso mzima ukaiva. Halafu likakoma lenyewe, na Pankrasi akaanza kutetemeka kwa baridi. Jasho lile Kunegunda alilijua. Alikuwa amelala nalo miaka minne.

Tangu mwezi wa tatu nyumba yao ilikuwa na ugonjwa. Madaktari walimkuta Pankrasi na saratani ya tezi dume, wakampa njia mbili: aondolewe korodani, au achomwe sindano kila baada ya miezi mitatu. Pankrasi alichagua sindano kabla daktari hajamaliza kusema. Ya kwanza alichomwa mwezi wa nne, akisindikizwa na rafiki yake Makarius, maana yeye mwenyewe alimkataza mkewe kabisa kufuatana naye. Ya pili ilikuwa Jumatatu hii inayokuja, siku moja baada ya jubilei ya ndoa yao.

Na tangu sindano ile ya kwanza, Kunegunda alikuwa haelewi anaishi na nani. Mzee alihamia chumba cha binti yao Oliva, aliyeolewa zamani. Alikuwa anaoga kwa kujifungia komeo. Kuna wiki Kunegunda alidhani amepata mwanamke, lakini wazo hilo halikukaa. Mwanamume mwenye nyumba ndogo hupiga mluzi na kujipaka mafuta, hakai chini kulia kwa tangazo la kifo redioni, tena kifo cha mtu wa Nakapanya ambaye hata hamjui. Na Pankrasi hata huo mluzi alikuwa ameuacha.

"Jumatatu nitakusindikiza kwenye sindano," Kunegunda alimwambia pale barazani.

"Siendi."

"Huendi?"

"Moja imetosha. Sindano ile haijengi, inabomoa." Akainuka akaingia ndani.

Daktari alikuwa amemwambia Makarius waziwazi, na Makarius, ambaye hajui kuficha kitu, akamfikishia neno kwa neno: ugonjwa umelala kwa sababu ya sindano, na sindano ikiachwa, ugonjwa utaamka. Kunegunda hakuwa tayari kumzika Pankrasi. Alikuwa na hasira naye za miaka mingi, ndiyo, lakini hasira hizo alitaka kuzeeka nazo akiwa na mwenyewe hapo hapo, si kwenda kumsomea makaburini.

Hakupika chai. Alijifunga kitenge akaenda hospitali.

Muuguzi wa zamu alikuwa Mwanne, binti wa Kiyao kutoka Tunduru, mwenye hijabu nyeupe na sauti ya taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mke wa Pankrasi. Nataka kujua mnamchoma nini."

Mwanne akatabasamu. "Mambo yake mwenyewe siwezi kukutolea, mama. Ila sindano yenyewe inavyofanya kazi, hiyo naweza kumweleza yeyote." Akamvutia kiti. "Mwanamume akibalehe, kuna homoni inayomwotesha ndevu, inampa sauti nzito, inamjaza mabega. Homoni hiyo hiyo ndiyo inayoilisha saratani ya tezi dume. Sindano inaifungia njia. Ugonjwa unakosa chakula. Lakini mwili nao ulikuwa umezoea kula humo humo."

"Ukikosa unakuwaje?"

"Joto linampanda ghafla. Anachoka. Hamu ya tendo la ndoa inakwisha. Wengine machozi yanakuwa karibu karibu. Wengine kifua kinajaa, kwa sababu mwanamume naye ana homoni ya kike kidogo mwilini, na ile ya kiume ikishuka, ya kike inapata nafasi."

Kunegunda akauliza polepole: "Joto hilo linaanzia shingoni?"

"Shingoni, kifuani, linapanda."

"Kama mwanamke aliyekoma hedhi."

"Wallahi mama, ni kama hivyo hivyo. Wanaume wengi wanaficha. Wanaacha sindano kimya kimya, wake zao hawaambiwi. Wanakuja kurudi wamebebwa." Mwanne akamgusa mkono. "Jumatatu njoo naye, inshallah."

Njiani Kunegunda hakujua acheke au alie. Alikuwa na miaka hamsini moto ulipompata yeye. Pankrasi alimnunulia dawa ya malaria, akainywa, moto ukabaki. Akanunua tena, na tena mara ya tatu. Malaria iliposhindikana akamleta katekista Kajetani, akamwombea kwa kumshika kichwa, na kichwa chenyewe kikalowa jasho mpaka katekista akajifuta mkono kwenye suruali. Mwishowe Pankrasi alibeba mto wake akahamia chumba cha mbele. Alisema, tena mbele ya mashemeji, "Mtu hawezi kulala na tanuri."

Miaka minne. Kisha siku moja alirudi na mto wake kama mtu aliyetoka dukani mara moja. Hakusema hata neno la kuomba radhi. Kunegunda alilingoja neno hilo mwaka wa kwanza, akalingoja wa pili, halafu akaacha kulingoja lakini hakuacha kukumbuka.

Kwa hiyo, tusimpake asali, kutoka geti la hospitali mpaka sokoni alitembea akisema moyoni: na wewe ungua sasa, uone. Utamu wa maneno hayo ulimfikisha sokoni tu. Hapo akamwona Pankrasi akilini, na koti lile, vifungo mpaka kooni, na moyo ukamuuma vibaya.

Mchana walikuwa wanapukuchua mahindi waliyoyatoa shambani Maposeni, kila mtu na gunia lake, wakati Makarius alipoingia uani kwa kelele zake, akisalimia kwa kilugha.

"Mwagonili! Bwana harusi, mazoezi mawili hukuja. Jumapili ni wewe wa mbele, ngoma yetu ya lizombe haiwezi kuanza bila wewe. Na koti hilo uliache nyumbani, tunacheza kifua wazi kama baba zetu. Shemeji, mwambie!"

Alicheka, akachukua mahindi matatu bila kuomba, akaondoka. Pankrasi alikuwa ameinamia gunia, vidole vimesimama. Na Kunegunda, ambaye maneno ya Mwanne yalikuwa bado yamo masikioni, akaelewa yote kwa mara moja: koti, komeo la bafuni, chumba cha Oliva.

Hakumtazama. Aliendelea kupukuchua.

"Linaanzia hapa," alisema, akajigusa shingo kwa gunzi. "Kama mtu amekumwagia uji wa moto, lakini kwa ndani. Halafu linapanda. Ukifikiri unakufa, linaisha, unashikwa na baridi mpaka meno yanagongana."

Pankrasi aliinua kichwa. "Nani kakwambia?"

"Nani wa kuniambia? Nililala nalo miaka minne. Peke yangu."

Kuku aliingia kwenye punje, na hakuna aliyemfukuza.

"Ile yako," Pankrasi alisema, "ilikuwa hivi?"

"Hivi hivi."

"Na mimi nikakuletea katekista."

"Na dawa ya malaria mara tatu."

Pankrasi alifungua mdomo kucheka, kilichotoka kikawa kilio. Alilia kama anavyolia siku hizi, bila kuzuia, machozi yakidondokea mahindi. Kunegunda alisogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana. Hapo ndipo mzee alipoanza kufungua koti. Kifungo cha kwanza, cha pili, vyote. Kisha shati. Kifua kilichobeba ngao ya lizombe tangu ujanani kilikuwa kimevimba kwa ulaini, matiti mawili madogo kama ya msichana wa darasa la sita.

"Yanauma hata nikigusa shati," alisema. "Mama Oliva, mimi nimekuwa nini?"

Kunegunda aliyatazama vizuri.

"Umekuwa mtu anayepona," alisema. "Funga, utapata baridi."

"Jumapili wataniona."

"Waone. Mimi nimenyonyesha watoto watano kwa matiti, sijawahi kusikia yamemuua mtu. Lakini sindano ukiiacha, Pankrasi, lizombe lile lile Makarius atakuja kulicheza hapa uani wewe ukiwa ndani ya sanduku. Na nguo niliyoshona ya jubilei nitaivaa msibani. Mimi sitaki. Nasema sitaki!"

Pankrasi alifunga vifungo kimoja kimoja mpaka kooni. Kuhusu Jumatatu hakujibu kitu. Ila jioni hiyo hiyo, kabla ya kula, Kunegunda aliingia chumba cha Oliva akiwa na mto wake kwapani, akauweka kitandani kando ya mto wa mumewe, akatoka kwenda kupakua ugali.

Jumapili kanisa lilijaa. Padri aliwasimamisha mbele na kuwauliza upya maswali ya zamani, na Pankrasi alijibu kwa sauti nzito ile ile, maana sindano haikuwa imeigusa sauti. Nyumbani wali ulikuwepo, nyama ilikuwepo, Oliva alikuja na wanawe. Ngoma zilipolia, wazee wa lizombe wakaingia uani kifua wazi, njuga miguuni, na Pankrasi mbele yao, na ngao, na shati jeupe limefungwa mpaka juu.

"Shati!" Makarius alipiga kelele. Watu wakacheka. Pankrasi alijifanya hasikii.

Alicheza. Hakuwa na nguvu za mwaka jana, mguu ulikuwa unachelewa kidogo kushuka, lakini alicheza, na wanawake wakamwimbia. Kunegunda alikuwa kwenye duara lao anapiga makofi. Na hakuwa anatazama miguu wala ngao. Alikuwa anatazama shingo.

Likaja katikati ya wimbo. Aliliona likianza kabla mwenyewe hajalisikia. Shingo iliiva, mashavu yakaiva, shati likagandia mwilini, na Pankrasi akapoteza hatua. Ngao ilishuka. Macho yake yakatafuta njia ya kutokea, na Kunegunda alijua kwamba akitoka uwanjani namna hiyo, kesho hatatoka kitandani kwenda popote.

Hakufikiri. Aliuchukua ungo uliokuwa umeegemea ukuta, akautikisa ukatoa pumba, akaingia uwanjani kwa hatua za ngoma, nguo mpya ya jubilei ikiburuza vumbi. Akafika mbele ya mumewe na kuanza kumpepea. Usoni, shingoni, kwa mapigo ya ngoma ile ile. Watu walidhani ni mbwembwe za bibi harusi, wakapiga vigelegele. Lakini mabibi watatu wanne wa umri wake hawakupiga vigelegele. Walitazama jasho lile, wakatazamana, wakatoa khanga zao viunoni, wakaingia nao kumpepea.

Pankrasi alisimama katikati ya upepo huo wa wanawake wazee. Akampa Makarius ngao amshikie. Kisha akafungua shati, kifungo kwa kifungo, akalivua, akalitupa kwenye bega la mkewe.

Kama kuna walioona, waliona. Mtoto mmoja wa Oliva aliuliza kitu kwa sauti, akafinywa. Makarius alitazama kifua cha rafiki yake, kisha akamrudishia ngao kwa mikono miwili, kwa heshima, na kuwapigia kelele wapiga ngoma: "Mmelala?"

Ngoma zikapanda. Pankrasi hakuanza kucheza mara moja. Aliinamisha kichwa mpaka sikioni kwa mkewe, jasho lake likamdondokea begani.

"Kunegunda," alisema. Ilikuwa miaka mingi hajamwita kwa jina. "Mimi nilikukimbia."

Mkono wa Kunegunda ulisimama na ungo hewani. Ndilo hilo, basi. Limekuja limechelewa, uwanjani, katikati ya kelele, na bado likamfika mpaka mahali palipokuwa panauma.

"Najua," alisema, macho yamejaa. "Mimi nisingekukimbia wewe."

"Kesho tuondoke saa ngapi?"

"Saa moja," Kunegunda alisema, akaendelea kumpepea.