Hodi Iliyobaki Tumboni

Jana usiku niliota birika letu la chai linanifundisha kuongea. Wala sikushangaa. Kwa aibu niliyonayo wiki hii, hata ungo ungenifundisha ningekaa kitako nikasikiliza.

Aibu yenyewe ni hii. Mimi ni mjomba wake Haruna, na kwetu mjomba ndiye msemaji wa posa. Yeye anapiga hodi, na mpaka aitikiwe hakuna mwingine wa kufungua mdomo. Akishajibiwa "karibu", posa imepokelewa, hairudishwi tena. Basi Ijumaa tulivuka uwanja wa mpira kwenda kwa Mzee Mzingo, kumposea Haruna binti yake Mwanahawa. Nikapiga hodi kwa hiki kisauti changu cha mbu. Kimya. Nikarudia. Kimya. Ukoo mzima tukasimama juani na masinia vichwani, mpaka wapita njia wakaanza kutupa pole ya msiba.

Jioni Mzee Mzingo akatuma salamu: njooni Jumapili, yaani leo, na msiposikika binti ana mchumba mwingine. Tangu hapo Haruna, ambaye analala hapa kwangu, hali chakula. Anatazama ukuta tu, maskini ya Mungu.

Basi, birika. Limekaa jikoni, mkono kiunoni.

"Pumua," linaniambia.

Nikavuta pumzi. Mabega yakapanda mpaka masikioni.

"We bwana, unapumua au unanyanyua gunia? Mimi hujaa chini kwanza. Ulishaona maji yanaanza kujaa kwenye mdomo wa birika?"

"Sijaona, mwalimu."

"Haya."

Likaita kuku wawili. Mmoja akakaa bega la kulia, mwenzake la kushoto, wakataga hapo hapo.

"Yai langu likianguka," akasema wa kulia, "utanieleza vizuri."

Haki ya Mungu, mabega yalitulia. Pumzi ikakosa pa kupandia, ikashuka zake tumboni.

"Sasa ishike," likasema birika.

Nikaishika kwa mikono miwili. Ilikuwa na uvuguvugu na uzito wa pakiti ya unga, tena haitulii.

"Usiimwage yote kwa mpigo. Mimina taratibu, kama chai ya wageni."

Nikamimina pumzi vikombeni, sssss, mpaka kikombe cha mwisho. Kilisema ahsante.

"Na sauti unaitoa wapi?"

"Kooni."

Birika likacheka mpaka kifuniko kikaanguka. "Sauti iko tumboni, mzee. Nenda kaichukue."

Mara nipo tumboni mwangu. Pana joto, panafanana na sebule ya dada yangu, hata mapazia ni yale yale. Kwenye mkeka yamekaa maneno yote niliyowahi kuyameza. "Chumvi imezidi, mke wangu" yupo, kazeeka mno. "Shemeji, utarudi lini kwenu?" anasinzia. Karibu na mlango, na nguo mpya, amekaa Hodi. Amenuna.

"Ijumaa nimejifukiza udi kabisa," akasema, "ukaniacha hapa kama mzigo."

"Nisamehe. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Macho ya Mzee Mzingo."

"Na macho ya Haruna je? Hayo hukuyaona?"

Loo! Hapo alinipata. Nilimkumbuka kijana wangu na ule ukuta wake, uchungu ukanibana.

"Inuka," nikamwambia. "Twende."

Tupo barazani kwa Mzee Mzingo: mimi, Hodi, birika na kuku wangu. Mlango unanitazama juu mpaka chini.

"Wewe tena?" unauliza.

"Mimi tena."

Nakanyaga chini sawasawa. Mabega na mayai yake yametulia. Tumbo linajaa. Nafungua kinywa kupita kiasi cha adabu.

"HODIII!"

Madirisha yakaomba radhi. Paa likanyanyuka, likajitengeneza vizuri, likakaa tena. Mayai, hata moja halikuanguka.

Nikaamka. Kunapambazuka. Mke wangu, Bi Tatu, amekaa kitandani ameziba masikio, ananikodolea macho.

"Kwani nimesema kitu?" nikamuuliza.

Kabla hajanijibu, kutoka ng'ambo ya uwanja wa mpira ikaja sauti nzito ya mtu aliyekurupuka usingizini:

"Karibuuu! Mlango uko wazi, ingieni basi!"

Alikuwa Mzee Mzingo.

Bi Tatu alishusha mikono masikioni, akatafuta kandambili zake chini ya kitanda.

"Vaa kanzu," akasema. "Mimi namwamsha Haruna."