Tulipoketi Katikati ya Uwanja

Majira ya baridi ya mwaka 1974, chuo chetu kule Nebraska kilikuwa na kumbi mbili za mpira wa kikapu. Ule mpya, wenye sakafu inayong'aa na mashine ya kupasha joto, ulikuwa wa wavulana. Sisi wasichana tuliachiwa wa zamani, ambao paa lake lilivuja hata tukazoea kuikwepa ndoo ya kukingia maji kama mpinzani wa sita. Wavulana walisafiri kwa ndege. Sisi tulibanana ndani ya gari la kocha wetu, Marlys Tvedt, akituimbia njia nzima kwa sauti mbaya ajabu. Chuo kilimlipa kwa kufundisha darasani tu, ukocha alijitolea. Tulimpenda mno.

Alasiri moja Colleen, mchezaji wetu mfupi na mkali kuliko wote, aliteleza kwenye maji akavunjika mkono. Kocha alimfunga kwa skafu yake mwenyewe, akampeleka hospitali. Aliporudi hakupandisha sauti.

"Haya wanangu, chukueni mipira."

Tukavuka theluji na kaptula zetu hadi ukumbi mpya. Wavulana walikuwa mazoezini. Kocha akapita katikati yao, akaketi kwenye duara la kati. Nasi tukaketi.

Mmoja wao akatuuliza kama tumepotea njia ya jikoni. Nikamjibu kwamba jikoni angalau hapavuji. Wenzake wakamcheka yeye.

Kocha wao, Ruben Kowalke, akaja amekunja uso. "Marlys, una nini leo?"

"Binti wa watu amevunjika mkono, Ruben. Lile paa nalilalamikia tangu mwaka juzi. Sitoki hapa."

"Mimi sina mamlaka."

"Basi mwite mwenye nayo. Tunamsubiri."

Kowalke alitutazama tunavyotetemeka. Akawaambia vijana wake watuazime makoti yao, kisha akaenda kumpigia simu mkuu wa chuo. Koti langu lilinifika magotini. Lilinuka jasho, lakini sikulivua.

Mkuu alikuja, akabishana nasi, akachoka. Jezi mpya hatukupata, wala ndege. Tulipata ukumbi ule alasiri tatu kwa wiki.

Siku yetu ya kwanza, Kocha alivua viatu na soksi, akatembea pekupeku juu ya sakafu ile yenye joto, polepole, toka goli hadi goli. Tulisimama tukimwangalia. Alipogeuka, machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mnashangaa nini?" akasema. "Kimbieni."