Siku Tatu za Jicho la Tende

Kaka yangu Pandu alifariki kwa kifua kikuu mwezi wa Rajabu. Alichelewa kwenda hospitali, kikohozi akikisingizia vumbi la majani makavu. Alikuwa mtunza wanyama katika bustani moja iliyo njia ya Kizimbani, na mimi huko huko nawatayarishia chakula.

Hitma ilipokwisha, akaja daktari wa mifugo, Bi Narjis, kuwapima kima wa bustani, wasije wakawa wameambukizwa naye.

"Shemsa, yupo aliyekuwa karibu naye zaidi?"

Alikuwapo Tende, kima mchanga ambaye mama yake aligongwa na gari. Pandu alimlea kama bibi yetu wa Kikwajuni alivyotulea sisi: ndizi anaitafuna kwanza, ikilainika anaitoa mdomoni na kumlisha. Nilimwona kila asubuhi, nikicheka. Kulitaja hilo nikaona ni kumsema maiti. Na kima akionekana na ugonjwa ule hudungwa sindano ya kumuua, asiwaambukize wenziwe.

Lakini wenziwe walikuwa kumi na mmoja.

"Tende," nikasema. "Pandu alikuwa akimtafunia ndizi."

Nilidhani atamlaumu marehemu. Akauliza tu, "Na wewe umepima?"

"Nshapima. Mzima."

Akamdunga Tende dawa ya kupimia kwa sindano nyembamba kwenye ukope wa juu wa jicho. "Siku tatu. Ukivimba, tumempoteza."

Tende akatengwa peke yake. Kila nikipata nafasi nilikwenda kumchungulia. Siku ya pili ukope ulikuwa mwekundu kidogo, nikashindwa hata kunywa chai.

Ahmada, mlinzi wa getini, akanicheka. "Bi Shemsa, hata mumeo hukumchungulia hivyo!"

"Mume wangu hakuwa mzuri hivi."

Siku ya tatu Bi Narjis akavaa barakoa na glavu, akaushika ukope baina ya vidole viwili, akaubonyeza polepole. Wekundu ulikuwa umekwisha.

"Laini. Hamna kitu. Tutarudia kumpima baada ya wiki mbili, lakini leo mzima."

Nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi.

Nilipogeuka, Ahmada alikuwa nyuma yangu, kofia mkononi, miguu pekupeku, hacheki tena.

"Bi Shemsa, na mimi nna kikohozi, wiki ya tatu hii. Nlikuwa naona haya kusema. Huko kupima, wanakuweka sana?"

"Vaa viatu," nikamwambia. "Twende sasa hivi."