Mgongo wa Mkwe

Kwetu mjini Ilesa mwanamume hapewi mke akiwa amesimama. Hujilaza kifudifudi mbele ya wakwe, kifua sakafuni, na akiinuka mapema hurudishwa chini. Sikuwahi kuona ubaya wa mila hiyo mpaka ilipotaka kunivunjia mchumba.

Mchumba wangu, Olabode, alikuwa ametolewa uvimbe uliokwisha kula pingili moja ya uti wa mgongo. Daktari Ebun alikata kipande cha mfupa mwembamba wa mguu wa Olabode, akakipandikiza kwenye pengo.

"Miezi sita," alituambia. "Usiiname, usibebe kitu, usivute sigara. Hilo koti la plastiki la kushikilia mgongo livue ukiwa umelala tu. Mfupa ukihama kabla haujashika, utarudi kwangu umebebwa, na miguu huenda isikutii tena."

Posa iliangukia mwezi wa tatu baada ya upasuaji. Nilimsihi baba aahirishe. Baba yangu, Chifu Oyelaran, mkaguzi wa shule mstaafu anayekagua hata chumvi kwenye supu, akajibu kwamba nguo za sherehe zimeshashonwa.

Mjomba Sunmola, fundi magari, naye akageuka daktari. "Mfupa wa mguu ukakae mgongoni? Mimi nimechomelea lori, kesho yake likabeba viazi vikuu. Huyo anadeka tu."

Siku ikafika. Rafiki zake Olabode walijilaza wote. Yeye alibaki wima, koti likimbana chini ya joho, jasho likimtiririka.

"Naona mti umeota sebuleni kwangu," baba alisema. Watu wakaangua kicheko.

"Baba, daktari amemkataza," nikasema.

"Kwani daktari ndiye anayeozesha?"

"Nakuheshimu, Chifu," Olabode alisema. "Nipe miezi mitatu, nitakuja nilale hapa kutwa nzima."

"Heshima haiahirishwi."

"Mume wangu alilala hapohapo na ngiri yake," shangazi akachombeza, "na mpaka leo anakula."

Walicheka tena, na nikamwona Olabode anaanza kukunja goti. Mwanamume akichekwa mbele ya rafiki zake husahau hata kaburi. Niliogopa, nikamshika mkono. "Ukiinama, siolewi."

Wanawake wa kwetu hupiga magoti tu. Mimi nilivua kilemba, nikajilaza kifudifudi mbele ya baba, kifua sakafuni.

"Wewe binti, umerogwa?" baba akauliza. "Inuka."

"Siinuki mpaka upokee. Ulitaka mgongo, chukua huu. Huu mzima."

Alikataa. Nikaendelea kulala. Supu ilipoa, wageni wakaanza kutazama sufuria zaidi ya kunitazama mimi, na mwishowe baba akanung'unika kwamba amepokea.

Mwezi wa sita picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeshika. Olabode alitoka hospitali moja kwa moja hadi kwa baba, akajilaza bila kuombwa. Baba akamwacha chini mpaka alipomaliza chai. Kisha akainama amwinue, mgongo wake ukalia ko, akabaki amekunjika. Daktari Ebun alisema ni msuli tu, apumzike wiki moja.

Jumapili akaja kaka mkubwa wa baba, mkuu wa ukoo, ambaye baba hujilaza mbele yake kila wanapokutana. Baba alimpokea mlangoni akiwa wima, amevaa lile koti la plastiki la Olabode.

"Daktari amenikataza," alisema.