Majina ya Miaka Laki Moja

Haya nilisimuliwa na Zdenka wa duka la mikate, wiki ya mwisho ya kuchuma plamu. Naye aliyapata kwa Libuše mwenyewe, kwa hiyo kama kuna chumvi ndani, si mimi niliyetia.

Libuše Kadlecová ndiye mtunza kitabu cha kumbukumbu cha Dolní Hrušov. Kila kijiji kwetu kina kitabu hicho, sheria inataka: nani kazaliwa, nani kafa, mvua ya mawe imevunja nini. Mchana wa mambo haya alikaa jikoni kwake akimtazama meya Otakar akimkaribisha mgeni kana kwamba jiko ni lake.

Mgeni alikuwa daktari Vaculík, daktari wa sheria, asiyejua kufunga hata kidonda. Serikali ilitaka kuchimba kilima cha Hůrka izike humo taka za nyuklia, zile kali kabisa, zinazodhuru kwa miaka laki moja. Na chini ya Hůrka ndiko yanakotoka maji ya visima vyetu vyote. Hilo lilikuwa limemkaa Libuše kooni.

"Sheria inasema mahali pale pakumbukwe mpaka taka zipoe," alisema Vaculík. "Wewe mama unajaza tu hapa: nani atatunza kitabu baada yako, na baada ya huyo, hadi mwisho. Kila mmoja miaka thelathini: majina elfu tatu mia tatu thelathini na tatu."

"Hawajazaliwa, mwanangu."

"Ndiyo maana hawatapinga."

"Na nikikataa?"

"Kukataa kuna sababu saba zinazokubalika. Popo wanaolindwa na sheria, kwa mfano. Mna popo?"

"Tuna maji."

"Maji hayamo."

"Nikinyamaza je?"

"Muda unakwisha leo saa kumi. Aliyenyamaza amekubali."

Milango yote, basi, inaingia chumba kimoja. Lakini Libuše ni mtu wa kusoma hadi maandishi madogo, na barua ya serikali iliyoleta fomu hiyo alikuwa ameimaliza kurasa zote arobaini. Mahali fulani ilisema shahidi wa serikali lazima aone kwa macho yake kila jina likiandikwa. Likimpita hata moja, fomu imekufa na shauri linaanza upya tangu barua ya kwanza. Barua ya kwanza ilikuwa imechukua miaka sita kufika.

"Majina yote hayo nitayatoa wapi?" aliuliza.

Hapo ndipo Vaculík alipokosea. Alinyoosha kidole kwenye kalenda ya ukutani. "Si hayo? Kila siku ina jina lake. Mwaka ukiisha, unaanza tena."

Otakar alifumba macho, kama mtu aliyeona gari likirudi nyuma kuelekea ukutani.

Kwa maana jina la kalenda halisomwi kavukavu kwetu. Mwenye jina hunywewa kigilasi cha kumtakia afya, na asiyemnywea amemtakia mabaya. Libuše alileta chupa ya pombe kali ya plamu na vigilasi vitatu.

"Karina," aliandika, herufi zenye mikia. "Tumnywee."

"Mama, niko kazini."

"Akutunzie taka zako miaka thelathini, nawe usimtakie hata afya?"

Vaculík akanywa. Akamnywea Radmila, akamnywea Diana, Dalimil na Vilma.

"Čestmír."

"Hilo jina langu la kwanza!" alisema Vaculík, machozi yakimlengalenga.

"Basi mbili. Hongera, mwanangu."

Otakar, aliyeahidiwa na serikali paa jipya la jengo la zimamoto, alijaribu kumwokoa. "Mpe kwanza chakula, Libuše."

Libuše akampa matonge ya unga yenye plamu ndani, sahani mbili, siagi ikielea. Chakula hicho humlaza farasi.

"Yamebaki mangapi?" aliuliza Vaculík.

"Elfu tatu mia tatu ishirini na saba. Haya, Vladan!"

Otakar alizidiwa na usingizi kwenye jina la Bohdana, shavu juu ya mkono wa koti. Kwa Edita, Vaculík alikuwa akishikilia kope kwa vidole viwili. "Naona," alisema. "Serikali inaona."

Kwa Radovan vidole viliteleza, kope zikafumba.

Ilikuwa saa tisa na robo. Libuše aliliandika jina lote, polepole, bila jicho lolote la serikali juu yake. Hakukataa, na hakunyamaza. Alimwita Vaculík mara tatu, kwa sauti ile unayomwitia mtoto uliyehangaika kumlaza, akaandika pembeni saa na dakika. Hůrka ingekaa miaka mingine sita.

Akawafunika wote wawili kwa blanketi moja. Yeye alikuwa akilowesha midomo tu, lakini midomo iliyoloweshwa mara kumi na tatu nayo ina hesabu yake. Alivua viatu, akaegemea karibu na jiko, akalala.