Mitalawanda ya Bi Thuwaiba

Ko, ko, ko. Gizani, kabla ya adhana ya alfajiri, Nassra alimsikia mkwewe akienda kutia udhu kwa mitalawanda yake, vile viatu vya mti alivyovivaa tangu yu mwari. Ko, ko... kata ya maji ikabiringika sakafuni. Kisha kimya.

Alimkuta kalala ubavu mlangoni mwa choo, mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna.

"Usinshike!" Bi Thuwaiba alimkemea. "Niitie mwanangu."

Nassra alikuwa pekupeku. Sakafu ilikuwa kavu. Nyayo zake ziliijua.

Jua halijapanda, wifi yake, Kazija, keshafika. Hata hodi hakupiga.

"Maji ya sabuni ya mwanamke huyu, hayo," Bi Thuwaiba alisema kitandani, kifundo cha mguu kimemvimba. "Kafua nguo za kichanga usiku, kaniachia utelezi makusudi."

"Si nlikwambia, Ahmada?" Kazija akadakia. "Mkeo huyu anamngoja mama afe. Arudi kwao Chwaka akapande mwani!"

"Mwani unalipa, wifi. Ungelipa ulimi, ungeshajenga ghorofa."

"Nyamazeni!" Ahmada alimkazia macho mkewe. "Nassra, ulimwaga maji, hukumwaga? Kama ni wewe, leo unalala kwenu."

Jibu lilikuwa ulimini: sakafu kavu, miguu ya mama ndiyo iliyokwisha. Lakini tangu mama alipoanguka Ramadhani, Ahmada ameshaapa: miguu ikimwangusha tena, anashushwa chumba cha chini, kile kisicho na dirisha. Na Bi Thuwaiba ni dirisha lake. Kila asubuhi hukiteremsha kikapu kwa kamba mpaka kwa muuza mikate kichochoroni, kikapanda na mkate wa mofa moto na habari za mtaa mzima: nani kaachwa, nani kaposwa, nani kagombana na nani. Kwa kikapu hicho hicho alizishusha ndara za mpira Nassra alizomnunulia asiteleze. "Chukua, zivae wewe," alimwambia muuza mikate, kwa sauti ya kusikiwa mpaka jikoni.

Mwanamke mwenye inda! Nassra alimtazama, maneno yamemjaa kifuani. Akauona mkono wa kizee, juu ya shuka, umeikamata kamba ya kikapu kama mtu anayening'inia.

"Nlimwaga mimi," alisema.

"Mmesikia kwa masikio yenu," alisema Bi Thuwaiba, akaugeukia ukuta. Kamba hakuiachia.

"Kafunge nguo zako," Kazija alisema, tayari kashaufungua mlango.

Mlangoni alisimama Wanu, mtoto mkubwa wa Nassra, wa miaka mitano, kakumbatia kile kiatu kilichobaki chooni. Alimtazama mama yake, kisha baba yake.

"Bibi kila akianguka, namwinua mimi."