Sare Iliyosimama Yenyewe

Mjukuu wangu tunamwita Povu. Jina alilipata kwa Mzee Pasi, mwenzetu anayepiga pasi pale kwa dobi tunapofanya kazi mimi na binti yangu. Tangu anatambaa, ukimtafuta mtoto huyu utamkuta kwenye beseni la sabuni, amezama mpaka kwapani.

Alipofika umri wa shule, tuliona cha moto. Shule ya kwanza ilimrudisha kwa sababu alimuuma mwenzake aliyempapasa shavu. Ya pili walisema kengele ikilia anajitupa chini, na hakuna mwenye nguvu za kumwinua kila siku. Nyumbani kumchana nywele ni vita. Lakini huyo huyo akianguka akachubuka goti, halii. Anajirusha ukutani kama mpira, na raha yake ni kujichimbia ndani ya lundo la mablanketi, abaki pua tu nje.

Watu hawakosi la kusema. "Kadekezwa na bibi yake." "Huyo hajaonja fimbo." Binti yangu akaanza kuwaamini. Mimi nilimwombea mtoto, na nikaendelea kumwangalia, maana kuomba hakumkatazi mtu kufumbua macho. Nikaona kwamba kila anapopiga kelele, kabla yake kuna kitu kimemgusa, au kimelia, au kimenuka. Ila sikujua hayo yanaitwa nini wala yanatibiwa wapi.

Kliniki ya watoto ndiyo iliyotufumbua macho. Mtaalamu alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya chini. Alimwacha Povu apande, ashuke, aburute mfuko wa mchanga, yeye anaangalia tu. Kisha akatukalisha.

"Mama, huyu si mkorofi," akamwambia binti yangu. "Macho, masikio, ngozi, pua, ulimi, hata viungo, vyote vinapeleka habari kichwani. Kichwa chako kinazipanga: hii ya maana, hii achana nayo. Sasa hivi unaisikia nguo yako mgongoni?"

"Siisikii. Labda sasa uliponitajia."

"Yeye anaisikia kutwa nzima. Kichwa chake bado hakijajua kupanga. Mguso mwepesi kwake ni kama siafu. Mguso mzito unamtuliza, ndiyo maana anayapenda mablanketi. Kengele ni kama imepigwa ndani ya sikio lake. Vikimjia vyote kwa pamoja, atauma au atakimbia. Wewe ungefanyaje?"

Binti yangu akalia. "Dada, nilimchapa."

"Hukujua. Sasa umejua."

Tukafundishwa kumkumbatia kwa nguvu badala ya kumpapasa. Tukaambiwa tumwonye kabla ya kelele, na kabla ya kwenda penye watu wengi apewe kazi nzito. Basi kila asubuhi Povu akawa anasukuma toroli la mashuka mabichi kutoka kwenye mashine mpaka kwenye kamba. Mzee Pasi akawa anamtania, "Huyu anataka kunipokonya kibarua!" Na kweli, mtoto alianza kutulia. Si kwamba alipona, maana hakuwa mgonjwa. Alitulia.

Ng'ambo ya barabara kuna shule ndogo. Mwalimu wake alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mleteni Jumatatu," alisema. "Nitakaa naye siku hiyo, kisha nitawaambia ndiyo au hapana. Darasa limejaa na msaidizi ni mmoja. Bibi, sitaki kuwadanganya."

Nilimpenda kwa ukweli wake. Lakini tulipotoka nje binti yangu alinishika mkono. "Mama, hii ikimkataa hakuna nyingine. Atakulia kwenye mashine za moto, asijue hata kuandika jina lake."

Jumapili tukaleta sare kazini, shati na sketi yake. Ilikuwa imefuliwa ikafuliwa tena, imelainika. Mzee Pasi akaiangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Hii ndiyo ya kwendea shule? Mjukuu wa dobi? Watu watasema mganga hajigangi!"

Akaitumbukiza kwenye wanga, wanga mzito wa mashati ya maharusi, akaipiga pasi kwa mikono miwili. Alipomaliza, sketi ilisimama mezani yenyewe, haina mtu ndani. Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipitisha kidole kwenye marinda nikasema, "Mungu akubariki, mzee, hapa umemaliza." Sisi watu wa dobi tukimpenda mtu, tunamtilia wanga. Tulikuwa tumejiandaa kwa kengele, kwa nywele, kwa mikono ya watoto. Nguo hatukuiwaza kabisa.

Jumatatu Povu alisukuma toroli lake, tukamvika haraka, tukavuka. Alitembea mikono imemtanuka kama ndege anayeanika mbawa. Nikadhani ni woga wa ugeni. Kengele ilipokaribia nilimwonya. Akaziba masikio, ikalia, ikaisha. Yeye bado amesimama! Binti yangu alinifinya mpaka nikaruka.

Watoto wakaingia darasani, wakakaa, sisi tukabaki mlangoni. Alipoinamisha shingo, kola ikamkuta.

Kwanza aliivuta. Kisha akapiga yowe, akaanguka chini, akawa anaichana kwa kucha, kifungo kikaruka. Watoto wakacheka. "Anavua nguo! Mwalimu, anavua nguo!" Mwalimu alikuja mbio, na nikauona uso wake unaanza kufunga mlango.

"Yamekwisha, mama," binti yangu akaninong'oneza. "Tumchukue twende."

Nilimwokota Povu nikambana kifuani kwa nguvu zangu zote. Shavu langu likagusa kola yake. Ilinikwaruza kama ganda la nanasi.

"Mwalimu, bomba liko wapi?"

"Bomba? Bibi, mtoto analia hivi wewe unauliza maji?"

"Nionyeshe tu, mwanangu."

Pale uani nilimvua sare nikamfunika kwa mtandio wangu. Nikaisugua nguo kwenye maji, wanga ukatoka mweupe kama maji ya mchele. Nikasugua tena, nikakamua.

"Mama! Utamvika nguo mbichi?"

"Kila siku anarudi nyumbani amelowa kama samaki. Umewahi kumsikia akilalamika?"

Povu alikuwa amenyamaza. Akaingiza mkono mwenyewe, kisha wa pili. Nguo ikamshika mwili mzima.

"Nzito," akasema. Akavuta pumzi. "Nzuri."

Mwalimu alikuwa amesimama barazani. "Kumbe ilikuwa nguo? Mimi nilidhani ni darasa langu."

"Ni sisi, Mwalimu. Tulimpamba mpaka tukamchoma."

"Na kesho? Kesho kitakuwa kitu kingine."

Hilo ndilo swali lenyewe, na singeweza kulijibu kwa uongo. "Kitakuwepo," nikasema. "Siwezi kukuahidi siku bila kelele. Ila akipiga kelele, ujue kuna kitu. Kitafute. Usipokiona, niite. Niko hapo ng'ambo."

Mwalimu akachuchumaa mbele ya mtoto, mikono yake ameiweka magotini.

"Povu, naweza kukushika bega?"

Povu akafikiri. "Kwa nguvu," akaagiza.

Akamshika kwa nguvu. "Kuna viti vizito kule stoo. Nani ataniletea darasani?"

Povu alikwisha kuondoka.

"Mwalimu," binti yangu akauliza, "kwa hiyo...?"

"Kwa hiyo kesho mje kabla ya kengele. Viti ni kazi yake."

Binti yangu akakaa chini palepale kwenye ngazi. Mimi nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikaelekea getini. Nilipogeuka, Povu alikuwa anaburuta kiti kuvuka uwanja, maji yanamchuruzika, na nyuma yake mtoto mmoja anamfuata, anaruka kutoka unyayo hadi unyayo, anakanyaga zile alama za maji kabla hazijakauka.